Kosa la Nani, Jeraha la Nani

Surat Al-Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79, inataja kesi ya shamba. Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu wakalimaliza, na shauri likafika mbele ya Nabii Daud na mwanawe Suleiman, amani iwe juu yao. Aya ni fupi. Mengine tumeyapata kwa wafasiri, na mapokezi yaliyo mashuhuri yanarudishwa kwa Ibn Abbas: Daud aliamua kondoo wapewe mwenye shamba, kwa kuwa hasara ilikaribia thamani yao. Suleiman akaona njia nyingine. Shamba akabidhiwe mwenye kondoo alilime mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na muda huo wote mwenye shamba akae na kondoo, anufaike na maziwa, sufi na wana wao. Mazao yakisharudi, kila mmoja achukue mali yake. Kisa hiki husomwa zaidi kwa kusifu ufahamu wa Suleiman, na ni haki yake. Lakini kuna jambo ndani yake linalopitwa upesi. Juu ya swali la kama mwenye kondoo anawajibika, baba na mwana hawakutofautiana hata kidogo. Walitofautiana juu ya swali la pili: kilichoharibika kirudishwe vipi, na kwa kiasi gani. Nayo aya inasema wote wawili walipewa hukumu na elimu. Maana yake kesi ya hasara ina maswali mawili ndani, na mtu anaweza kuwa sawa katika la kwanza huku la pili likihitaji akili ya peke yake.

Wakulima na wafugaji wa Kilindi na Handeni wanaijua kesi hiyo bila kufundishwa na mtu, maana ugomvi wa mifugo mashambani ni wa kila msimu. Na swali la kwanza lina kanuni yake iliyo wazi. Ngamia wa Al-Baraa bin Aazib aliingia bustani ya watu akaharibu, na Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba mchana ulinzi ni wa mwenye bustani, usiku ulinzi ni wa mwenye mnyama. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wa pwani hii kutoka Jasini mpaka Saadani, aliichukua hadithi hiyo kuwa msingi. Kwa hiyo saa ya tukio inamaliza swali la nani. Haisemi lolote juu ya kiasi gani.

Mahakama za dunia zimebishana kwa muda mrefu kama maswali haya mawili, katika kesi ya mtu aliyejeruhiwa, yasikilizwe kwa pamoja au kwa zamu. Marekani, ambako kesi za aina hii huamuliwa na juri ya raia wa kawaida, jaji anaweza kuagiza kwanza isikilizwe dhima peke yake: dereva alikuwa mzembe au hakuwa? Juri ikisema hakuwa, shauri limekwisha, na hakuna daktari atakayeitwa kueleza mguu uliokatwa. Ikisema alikuwa, ndipo unafunguliwa mlango wa fidia. Mwaka 1963 Hans Zeisel na Thomas Callahan walichunguza utaratibu huo katika mahakama ya shirikisho ya kaskazini mwa Illinois, wakaona unaokoa takriban asilimia 20 ya muda wa mahakama. Waliona na jambo zito zaidi: kesi zikigawanywa, wadaiwa hushinda mara nyingi zaidi. Mwaka 1990 wanasaikolojia Irwin Horowitz na Kenneth Bordens walifanya majaribio kwa juri za kuigiza wakafika karibu na hapo hapo. Mtu ambaye hajaona jeraha ni mzito wa kuona kosa.

Msomaji wa Tanga anaweza kusema haya ni matatizo ya wenye juri. Kwetu, katika mahakama za wilaya na Mahakama Kuu, dai la mtu aliyejeruhiwa husikilizwa na hakimu au jaji peke yake, ambaye amesomea kutenganisha huruma na ushahidi. Hilo ni kweli kwenye karatasi. Kwa vitendo sisi tumetenganisha kosa na jeraha kuliko Wamarekani, na tumefanya hivyo bila kukaa chini tukaamua. Tazama kinachofuata ajali katika barabara ya Segera kwenda Tanga, au pale Mkata, au Muheza penye kona. Majeruhi anachukuliwa na PF3 yake, ile fomu ya polisi, anapelekwa hospitali. Dereva anapelekwa mahakamani kwa kesi ya trafiki, na kesi hiyo inaitwa Jamhuri dhidi ya dereva. Anasomewa shtaka, anajibu kwamba ni kweli, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, hakimu anataja faini, inalipwa, risiti inakatwa. Huenda asubuhi moja ikatosha. Fedha imekwenda serikalini. Aliyevunjika paja yuko wodini katika hospitali ya Bombo na chuma mguuni, hajui hata kwamba kesi imesomwa, na jina lake limetajwa mara moja tu, ndani ya hati ya mashtaka.

Asubuhi hiyo imeamua mengi kuliko inavyoonekana. Sheria yetu ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani ana hatia na aliyeachiwa hana. Kampuni ya bima nayo, kabla ya kuzungumza fedha, hutaka kuona hukumu ya trafiki na ripoti ya polisi. Basi dereva akitiwa hatiani, majeruhi ana ngazi ya kupandia. Akiachiwa kwa sababu shahidi hakutokea, au mchoro wa ajali ulikuwa mbovu, au shtaka liliandikwa vibaya, majeruhi amepoteza swali la kwanza katika kesi ambayo hakuwa mdai, hakuwa na wakili, wala hakuulizwa neno. Huku ndiko kutenganishwa ninakokusema. Swali la kosa limepewa watu wengine, na mwenye jeraha anasubiri nje ya mlango aletewe jibu.

Je, dini inakataa kutenganisha? Hapana, na hapa inafaa kusema kwa uwazi, kwa sababu wengi wanaotetea majeruhi hukosea wakidhani haki yao inatokana na ukubwa wa dhambi ya aliyewaumiza. Surat An-Nisaa, aya ya 92, inapozungumzia kuua kwa bahati mbaya, inaweka mambo mawili juu ya mtu mmoja: kafara, ambayo ni haki ya Mwenyezi Mungu, na dia, ambayo hukabidhiwa watu wa marehemu. Jamaa wakisamehe dia, kafara haiondoki. Asiyekuwa na uwezo wa kafara ya kwanza, ya kumwacha huru mtumwa, akafunga miezi miwili mfululizo hajawalipa jamaa hata senti. Hizi ni hesabu mbili, na kila moja ina mwenyewe. Izz ad-Din bin Abd as-Salam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliliweka jambo hili kwenye kanuni pana: ziko hukumu zilizowekwa ili kuunga kilichovunjika, na ziko zilizowekwa ili kukemea. Za kukemea zinahitaji mtu aliyekusudia na mwenye akili timamu. Za kuunga hazimtaki huyo, kwa hiyo zinamfika aliyesahau, asiyejua, mtoto na hata mwendawazimu. Mtoto akivunja chombo cha jirani haandikiwi dhambi, lakini chombo kinalipwa katika mali yake.

Wakristo wa Bonde, ambao ibada yao ina mizizi ya zaidi ya karne moja pale Magila, wana jambo hilo hilo katika Kutoka sura ya 21. Watu wawili wakigombana, mmoja akampiga mwenzake, naye akalala kitandani kisha akainuka na kutembea kwa fimbo yake, aliyempiga anaachiliwa. Lakini ni lazima alipe muda uliopotea na agharamie matibabu mpaka mwenzake apone kabisa. Ameachiliwa, na analipa. Anayeona hapo mgongano ni yule anayedhani swali ni moja tu.

Nikifika hapa sina budi kuipa hoja ya upande wa pili nguvu yake yote, maana nayo ina Qur'ani. Katika Surat Saad wagombanaji wawili waliuparamia ukuta wakamwingilia Daud. Mmoja akasema ndugu yake ana kondoo 99, yeye ana mmoja, na ndugu anamtaka hata huyo mmoja. Daud alisema papo hapo kwamba amedhulumiwa. Kisha akatambua kuwa amejaribiwa, akaomba maghufira. Wapo wafasiri waliosema kosa lake lilikuwa ni kuhukumu kabla ya kumsikia wa pili. Ukiliangalia vizuri, kilichomsukuma ni uzito wa hasara: mmoja kati ya mmoja, mbele ya 99. Wenye kutaka kesi igawanywe hawana mfano ulio bora kuliko huu. Wanaweza kuongeza aya ya 135 ya An-Nisaa, inayotuamuru kusimamia uadilifu awe mtu tajiri au fakiri, wala tusifuate matamanio. Jeraha kubwa si ushahidi kwamba dereva alikosa. Mtoto anaweza kuchomoka ghafla nyuma ya basi lililosimama pale Kabuku, na dereva aliyekuwa na mwendo halali asiwe na la kufanya. Kilio cha mama yake hakibadili umbali wa breki.

Nakubali yote hayo, lakini tazama dawa ambayo kisa chenyewe kinaitoa. Daud hakuambiwa amfiche mwenye kondoo mmoja. Alipaswa kumsikia na yule wa 99. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali kuwa kadhi Yemen alimwagiza asimhukumie wa kwanza mpaka amemsikia wa pili. Tiba ya huruma, katika mapokeo haya, ni kuongeza sauti mahakamani, na kesi iliyogawanywa inapunguza sauti. Dawa zote mbili zina lengo moja, lakini ya pili inamweka mbali mtu ambaye shauri ni lake.

Woburn, Massachusetts, ilionyesha umbali huo unavyoweza kufika. Familia nane zilizouguliwa na kufiwa, nyingi zikiwa na watoto wenye saratani ya damu, zilizishtaki kampuni za W.R. Grace na Beatrice Foods kwa kuchafua maji ya visima vya mji. Mwaka 1986 Jaji Walter Skinner aliigawa kesi, na sehemu ya kwanza ikahusu maji na udongo tu: sumu ilitoka wapi na ilifika lini visimani. Juri ilisikiliza wataalamu wa miamba kwa wiki nyingi, kisha ikatakiwa kujibu maswali ya tarehe ambayo wataalamu wenyewe walikuwa wakigombana juu yake. Beatrice iliachiwa. Majibu juu ya Grace yaligongana, jaji akaamuru kesi ianze upya, na kampuni ikapatana na familia kwa dola milioni 8. Wazazi hawakupata siku ya kusimama mbele ya juri wakaeleza namna watoto wao walivyougua. Sisemi kwamba wangeshinda yote kama wangesikilizwa. Nasema kesi iliyohusu watoto ilianza na kuisha bila watoto.

Kuna sababu nyingine, ya ushahidi mtupu. Jeraha lenyewe hueleza kosa. Mahali mfupa ulipovunjika, upande gani wa mwili na kwa urefu gani kutoka ardhini, humwambia daktari kama mtu alikuwa amesimama, anakimbia au tayari amelala barabarani gari lilipomfikia. Jeraha la kichwa la abiria wa bodaboda asiyevaa helmeti linahusu maswali yote mawili, kwa kuwa sheria yetu inamruhusu hakimu kugawa lawama na kupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa aliyeumia. Ukimwita daktari wa mifupa wa Bombo kwa swali la pili tu, umemnyima hakimu shahidi wa swali la kwanza. Ukimwita mara mbili, muda uliosema umeokoa umerudi kwenye gharama, na anayeulipia ni mtu ambaye hajaweza kurudi kazini.

Kwa upande mwingine, Tanga yenyewe inajua vizuri njia ya kulipa jeraha bila kungoja kosa. Mkonge uliingia hapa mwaka 1893, wakati Richard Hindorf alipoletewa miche kutoka Florida kupitia Hamburg. Kati ya 1,000 ilibaki hai 62, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Miongo iliyofuata, mashamba yalijaa manamba, na mashine za kusaga majani zilizolishwa kwa mkono zilikula vidole na viganja. Kama kila aliyekatika mkono angetakiwa kuthibitisha uzembe wa mwajiri kwanza, wachache sana wangelipwa: mashahidi wake ni vibarua wenzake, na msimamizi ndiye anayewagawia kazi kesho. Kwa sababu kama hizo sheria ya fidia kwa wafanyakazi, tangu ile ya enzi za Waingereza mpaka Sheria ya mwaka 2008 iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, haiulizi mwajiri alikosa nini. Inauliza kama umeumia kazini, na umepoteza kiasi gani. Ina jedwali la viungo na asilimia zake, na atakayelisoma baada ya kusoma barua ya Mtume (s.a.w.) iliyopelekwa Yemen na Amr bin Hazm, yenye nusu ya dia kwa mkono na ngamia kumi kwa kila kidole, atatambua fikra ni moja. Mkono una thamani yake kabla hatujamjua mwenye makosa.

Sasa linganisha. Kijana wa kiwanda cha mkonge akikatika mkono analipwa na Mfuko. Ndugu yake, dereva wa bodaboda anayempelekea tajiri hesabu kila jioni bila mkataba wa ajira, akikatika mkono ule ule kwa kugongwa na lori Hale, anasubiri kesi ya trafiki. Mkono haukubadilika. Kilichobadilika ni swali tulilochagua kuanza nalo.

Wapo watakaosema kulipa bila kosa kutazaa uzembe barabarani. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ningetaka kosa lifutwe. Sitaki. Leseni inyang'anywe, faini itozwe, kifungo kitolewe panapostahili. Hukumu za kukemea zibaki na ukali wake wote. Ninachopinga ni kuzifanya hizo ziwe lango la zile za kuunga. Na ukweli ni kwamba dereva mzembe anayelipa faini yake asubuhi na kurudi barabarani mchana hajakemewa na mtu.

Imebaki hoja ambayo haitamkwi mahakamani, ila husikika msibani na wodini: ajali ni kadari, kazi ya Mungu haina makosa, tumeshasamehe. Ni maneno ya imani na siyadharau. Lakini kadari haikuizuia An-Nisaa kuamuru dia kwa kifo kisichokusudiwa na yeyote. Kumridhia Mungu kwa kilichotokea hakumwondolei mtu deni alilo nalo. Kuhusu msamaha, madhehebu yetu yana sharti ambalo ningependa lisemwe kwa sauti katika kila msikiti wa pwani hii. Imam Nawawi, katika Minhaj at-Talibin, ambayo wanafunzi wa fikihi wa Tanga na Lamu wameisoma vizazi kwa vizazi, ameandika kuwa katika rai mpya ya Shafi, kusamehe deni ambalo kiasi chake hakijulikani ni batili. Akavua kitu kimoja, ngamia wa dia. Sababu waliyoitoa wachambuzi ni kwamba idadi na umri wa ngamia hao umeshawekwa na sheria, na kisichojulikana ni sifa ndogondogo tu. Lakini fidia ya mahakama zetu za leo haina hesabu iliyotangulia. Haijulikani mpaka daktari aseme mguu utarudi kwa kiasi gani, mpaka gharama zithibitishwe moja moja, mpaka hakimu apime maumivu na kipato kilichopotea. Basi ile karatasi inayoletwa kitandani siku ya tatu, pamoja na bahasha ya laki mbili na mzee wa kuombea dua, ikisema familia imesamehe na haina madai, imesamehe kitu ambacho hakuna aliyekijua. Kwa fikihi ya Shafi, msamaha huo una kasoro kwenye shina lake.

Kwa hiyo maswali yatenganishwe akilini mwa hakimu, kama yalivyotengana mbele ya Daud na Suleiman, lakini mtu asitenganishwe na kesi yake. Mwendesha mashtaka amwite majeruhi siku dereva anaposomewa shtaka, au aombe kesi iahirishwe mpaka aweze kuletwa. Hakimu akumbuke kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imempa uwezo wa kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyemuumiza, na autumie bila kungoja kuombwa. Masheikh na mapadri wanaoitwa kusuluhisha wakatae kushuhudia msamaha wa jeraha ambalo halijapimwa. Na wewe uliye na mgonjwa wodini, usiweke saini wala dole gumba mpaka daktari amemaliza kusema. Akishasema, usikae: dai la madhara ya mwili lina miaka mitatu tangu siku ya ajali, na baada ya hapo mahakama haitauliza kosa lilikuwa la nani wala jeraha lilikuwa kubwa kiasi gani.